Stesheni ya Zombo

Zombo haijawahi kupitiwa na reli. Anayekwenda huko huenda kwa miguu, kwa baiskeli au, siku hizi, kwa pikipiki, na masika yakishika hata pikipiki inasukumwa. Lakini kwa miaka miwili kasoro Zombo ilikuwa na stesheni yake, na njia ya kupishania treni, na bango la kukaribisha wageni, na mimi ndiye niliyeifuta. Nimewasimulia watu wachache. Karibu wote waliniambia nisijitese, kwamba ulikuwa mchezo wa kompyuta tu. Sikuwajibu, maana ningewajibu vibaya.

Baba yangu alikuwa stesheni masta kwenye tawi la reli linalotoka Kilosa, linapita Mikumi na kwenda kuishia Kidatu. Babu yake aliletwa kutoka Unyamwezi kulaza mataruma, baba yake akawa fundi wa njia, na yeye akapanda mpaka akavaa kofia. Halafu ikaja miaka ya ubinafsishaji. Malori yakaichukua sukari ya Kidatu iliyokuwa mzigo wetu, treni za tawi zikapungua mpaka nyasi zikaota katikati ya reli, na majina ya waliopunguzwa kazi yakabandikwa ukutani. Baba alirudi nyumbani Kilosa na kofia, bendera mbili, ya kijani na nyekundu, na daftari la treni ambalo lilikuwa bado halijaandikwa kitu. Akawa anakaa barazani. Treni ikipiga honi kwenye njia kuu anatazama saa, anatuambia imechelewa kwa dakika ngapi. Mama alikuwa akisema kwamba mumewe amepunguzwa kazi, ila saa yake hakuna aliyeipa barua.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Morogoro nilikosomea kompyuta, na nilirudi kama aliyebadili dini. Mwalimu wangu alinipa sidii ya Linux, mfumo huria, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuufungua, kuubadilisha na kumgawia mwenzake bila kuitwa mwizi. Kompyuta karibu zote za mjini ziliendeshwa kwa nakala za wizi za ule mfumo mwingine, wa kulipia, na kila flashi iliyochomekwa ilitoka na virusi. Nikawa nazunguka Kilosa nahubiri. Nilikuwa na ulimi mkali, nakubali, na mtu akiniambia kompyuta yake imekufa nilimpa pole huku nacheka.

Waliponishika ni kwenye michezo. Mtu ananunua Dar es Salaam sidii ya mchezo wa magari au wa mpira, anakuja nayo kwangu, tunaiweka, hakifunguki kitu. Ilitengenezwa kwa ajili ya ule mfumo mwingine na huu wetu hakuna aliyeukumbuka. Ilikuwapo programu ya kuudanganya mchezo udhani uko kwenye mfumo wake. Siku moja nilihangaika nayo tangu asubuhi mpaka alasiri, nikaambulia skrini nyeusi na sauti ya mtangazaji akishangilia goli nisiloliona. Kadi za picha nazo zilikuwa na siri ambazo viwanda havikutaka kuwapa watu wa mfumo huria, kwa hiyo hata kile kilichofunguka kilikwenda kwa kuchechemea. Tulichokuwa nacho ni ile michezo iliyotengenezwa na watu kwa kujitolea tu: karata, drafti, kupasua mapovu, na mmoja wa treni. Nikawa najibu kwa kiburi kwamba kompyuta ni ya kazi, si ya kuchezea. Iliniuma lakini. Nilitaka mfumo wangu uwafurahishe watu, na ulikuwa unawarudisha nyumbani mikono mitupu.

Ule mchezo wa treni niliuweka kwenye mashine ya sebuleni bila hata kumfikiria baba. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai, akatazama treni mbili zikifuatana kwenye njia moja. Akaniuliza ile ya pili imepewa njia na nani. Nikamwambia hakuna anayetoa njia, zinajiendesha zenyewe. Alikiweka kikombe chini.

"Mama, inuka hapo," akaniambia. "Utaua watu."

Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu utoto wangu, mama. Niliinuka, na kile kiti sikukalia tena.

Nieleze sheria yao, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Reli ya tawi ni njia moja. Treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele iulizwe kama njia iko wazi, na ijibu. Ikijibu, dereva anakabidhiwa mkononi karatasi ya ruhusa, ambayo wenyewe waliiita laini klia. Na yule anayeipokea treni hasemi kwamba imefika mpaka aone kwa macho yake behewa la mwisho na taa yake nyekundu ya nyuma. Sababu ni kwamba treni inaweza kukatika njiani. Baba aliwahi kupokea treni ya mizigo ikapita mbele yake yote inaunguruma vizuri, akatazama mkia, taa hakuna. Mabehewa manne yalikuwa yamebaki porini. Asingetazama, angeiruhusu nyingine iyagonge.

Basi akaichezesha ile reli ya kwenye mashine kwa sheria hizo. Alibadilisha majina ya miji yote: Kilosa, Masanze, Mikumi, Ruhembe, Kidatu. Kila treni aliisimamisha kwa mkono wake na kuiachia kwa mkono wake. Alikata karatasi ndogondogo, akaandika laini klia ya kila treni, na muda wa kuondoka na kufika akaujaza kwenye lile daftari alilorudi nalo. Kofia hakuivaa, aliiweka juu ya kompyuta. Mimi nilimcheka, kisha nikaacha, kwa sababu tangu apunguzwe kazi sikuwa nimemwona akiamka na haraka.

Kilichokosekana ni stesheni ya mbele. Sheria ilitaka mtu ajibu, na baba alisema stesheni masta hawezi kujiuliza na kujijibu, huo ni ulevi. Kwa hiyo mama akawa Mikumi. Anachambua mbaazi jikoni, baba anaita kutoka sebuleni, "Mikumi?" na mama anajibu, "Wazi." Baba anaandika, treni inaondoka. Mama hakuwa anaiona treni wala hakuijali, ila kujibu hakusahau. Siku moja alijibu kwamba Mikumi imefungwa, maharage yanaungua. Baba aliizuia treni Masanze mpaka sufuria ilipoepuliwa, na kwenye daftari akaandika sababu ya kuchelewa.

Mama ndiye aliyetoka Zombo. Aliolewa kutoka huko, na njia ya kwenda kwao aliijua kwa nyayo. Siku moja alikuja na ungo wake mpaka sebuleni akaitazama ile ramani, akauliza mambo mawili matatu, kisha akamwambia baba kwamba amewajengea watu wa Kidatu na Ruhembe ambao hawamjui, kwa wakwe zake je? Baba akaanza kueleza habari za milima, na korongo linalohitaji daraja, na kwamba huko hakuna mzigo wa kupakia. Mama akasema yeye ndiye mzigo. Hakurudia, alirudi jikoni na ungo wake.

Daraja lilimchukua baba wiki mbili. Alivunja, akajenga, akavunja. Mchezo huo unakuruhusu kuweka bango popote kwenye ramani na kuandika maneno yako, na stesheni ilipokamilika baba alimwita mama aje aandike mwenyewe. Mama hakuwahi kuigusa mashine. Aliandika kwa kidole kimoja, huku akitafuta kila herufi ilipojificha, na sisi tumesimama tunaogopa kumsaidia. Aliandika ZOMBO KARIBUNI KWETU MUNGU AKIPENDA. Kuanzia hapo akawa na stesheni mbili za kujibia, na ya Zombo aliijibu kwa sauti ya juu kidogo kuliko ya Mikumi. Treni ya huko ilikwenda mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya kanisa.

Aliugua wiki tatu tu. Sitaki kuziandika. Tulimpeleka Zombo kwa pikapu, katikati ya masika, baba amekaa nyuma kando ya jeneza na mkono wake juu yake kama anayemzuia mtu asidondoke. Kwenye korongo gari lilikwama tukashuka kusukuma. Baba alisimama kwenye tope akitazama ng'ambo.

"Daraja lingekuwa hapa," alisema.

Baada ya msiba alikaa miezi bila kuiwasha mashine. Alipoiwasha nilikuwa najibu mimi, nikiwapo. "Mikumi?" "Wazi." Nilijitahidi, lakini nilijua kwamba kila mara alisubiri kidogo baada ya kunisikia, kama anayengoja jibu lenyewe. Zombo hakuiita. Treni ya Jumapili aliisimamisha Mikumi ikabaki hapo, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeitaja.

Mimi nikahamia Mikumi kutafuta maisha. Nilifungua chumba kando ya barabara kuu, mashine tatu, zote Linux, nikawa nachapa barua na kusaidia watu kutuma barua pepe. Wateja wenyewe walikuwa madereva wa malori na matingo wao wanaosubiri spea, waongoza watalii siku za mvua, walimu. Walikuja, wakauliza kama pana mpira. Nikawaonyesha karata. Nikawaonyesha mapovu. Walikuwa na adabu, walitazama, wakavuka barabara kwenda duka la pili lenye nakala za wizi na virusi vyote vya nchi hii, na nikawa nasikia kelele za magoli kutoka huko mchana kutwa. Nilishindwa. Nilisema moyoni, mashine moja tu, niweke mfumo wao, niweke mpira, watu waingie. Mashine zangu tatu zilikuwa dhaifu mno kwa mchezo ule. Mashine yenye kadi ya picha ya kutosha ilikuwa ya baba, na kadi hiyo niliitafuta mimi, ili treni zake zisichechemee.

Nilikwenda Kilosa kumwomba. Nilimwambia ndani ya wiki moja nitamletea nyingine yenye mchezo uleule, na reli yake nitaihamisha kwenye flashi, hatapoteza hata behewa. Akasema nichukue, mashine ni yangu, reli ndiyo yake. Kisha akaniambia kabla sijaizima niende kwanza jikoni.

Nilikwenda. Nilisimama kati ya masufuria ya mama. Nikamsikia akikohoa, halafu akaita.

"Zombo?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilijua kwamba nisipojibu treni haitaondoka, na kwamba amenichagua mimi nijibu. Nikashika ukingo wa meza.

"Wazi," nikasema.

Niliporudi sebuleni alikuwa anaandika. Mikumi, kuondoka, saa nne na dakika ishirini. Treni ilikuwa imeshapita kona ya kwanza kuelekea milimani. Lori lililonipa lifti likapiga honi nje. Baba akauhifadhi mchezo pale pale, treni ikiwa katikati ya safari, akanifungia nyaya mwenyewe. Akasema itafika nikiirudisha.

Kesho yake Mikumi umeme ulikuwa ukatwe saa sita kwa mgao, na madereva wawili walikuwa tayari wamekaa kwenye benchi wakiusubiri mpira niliowaahidi. Nikafungua folda ya baba. Nikanakili kila nilichokiona: barua zake, picha, mpaka picha za msibani. Nikaona flashi imejaa vitu, nikaridhika. Nikafuta diski nzima na kuweka ule mfumo mwingine.

Kwenye Linux, folda ambayo jina lake linaanza na nukta haionekani mpaka uombe kuonyeshwa. Michezo mingi inahifadhi vitu vyake humo. Hilo ni somo la wiki ya kwanza, nililifundisha mimi mwenyewe kwa watu wa Kilosa, na nilikuwa nawacheka waliolisahau. Reli ya baba ilikuwa ndani ya folda ya nukta.

Mpira ulifunguka vizuri sana. Nyasi zilikuwa za kijani, wachezaji walikimbia bila kuchechemea, madereva walishangilia mpaka watu wakavuka barabara kuja kwangu. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nikaanza kuitayarisha mashine ya kumpelekea baba, nikachomeka flashi, nikaitafuta reli. Nikaitafuta tena. Nikakumbuka nukta. Nilimpigia simu mwalimu wangu wa Morogoro. Aliniuliza kama nimeshaweka mfumo mpya juu yake na kama watu wanautumia. Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga kelele za goli, naye alizisikia. Akasema basi, hapo hakuna cha kufanya. Nikakaa kwenye benchi na wateja wangu nikalia, na mmoja wao akadhani timu yangu imefungwa.

Nilikwenda Kilosa na ile mashine nyingine. Baba alikuwa barazani, meza ya sebuleni ameshaifuta vumbi, na karatasi za laini klia ameshazikata za kutosha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Imefika?"

Nilimwambia hapo hapo, nimesimama, kabla hofu haijanigeuza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza maswali kwa utulivu, moja moja, nadhani ndivyo alivyowauliza wafanyakazi wake baada ya ajali. Nilinakili saa ngapi. Nilinakili kwenda wapi. Nilipomaliza kunakili, nilifungua upande wa pili nikaangalia kama imefika? Nikasema sikuangalia.

"Ulisema imefika," akasema, "hujaona behewa la mwisho."

Hakupandisha sauti. Angenigombeza ningepata pa kupumulia. Nikaanza kumwahidi kwamba nitaijenga upya, nakumbuka kila kitu, milima, daraja, bango na maneno yake yote. Alitikisa kichwa. Akalifungua daftari akanionyesha mstari wa mwisho: treni ya Zombo, kuondoka saa nne na dakika ishirini, na mbele yake, pa kufika, hapakuandikwa kitu.

"Kuna treni njiani," akasema. "Siwezi kutuma nyingine."

Kwanza nilidhani ananitania, halafu nikaogopa kwamba akili imemruka. Haikuwa hivyo. Hiyo ndiyo sheria, treni iliyotumwa na haijapokelewa inahesabiwa iko njiani, na njia inabaki imefungwa. Mashine niliyomletea aliifunika kitambaa alichofuma mama na hakuiwasha hata siku moja. Honi ikilia kwenye njia kuu hakutazama tena saa. Kila nilipomtembelea tulizungumza habari za mahindi na ndugu, alinichekea, alinipa mbaazi za kurudi nazo Mikumi, na nilikuwa naondoka nikiona bora asingekuwa mpole hivyo.

Siku hizi ile michezo iliyokuwa haifunguki kwenye Linux mingi inafunguka, bila hata kubembelezwa. Viwanda vya kadi vimelegeza, watu waliojitolea hawakuchoka, na ule mpira ningeuweka leo kwa nusu saa kwenye mashine yoyote bila kufuta kitu cha mtu. Wenzangu wa zamani wananitumia habari hizo wakidhani nitashangilia. Nilizipigania sana, na zimekuja. Mimi huwa nahesabu tu kwamba zilichelewa, na kwamba hata zisingechelewa, kuangalia flashi kabla ya kufuta ilikuwa kazi yangu.

Baba alifariki wakati wa kiangazi. Kwenye sanduku lake tulikuta nguo zimekunjwa, na chini yake daftari la treni na kalamu imebanwa kwenye ukurasa uleule. Alishasema alazwe Zombo kando ya mama, kwa hiyo tulitoka Kilosa asubuhi, magari manne na pikipiki kadhaa, na mimi nikalishika daftari mapajani njia nzima.

Tulifika saa tisa kasoro. Ndugu walitaka kushusha jeneza mara moja, wakaniita, nikawaomba wasubiri kidogo. Gari la mwisho lilikuwa limeachwa nyuma kwenye korongo. Nilisimama kando ya barabara mpaka likapanda, likanipita polepole, nikageuka nikaziona taa zake nyekundu za nyuma. Ndipo nikafungua daftari, na kwenye ile nafasi tupu nikaandika saa, nikaandika imefika nzima, nikatia sahihi.